Nimepuliza Nyekundu Mbele ya Mama Mkwe

Nyie watu wa Shanwe, leo nimeaibika! Nimeaibika mpaka nikatamani boti izame na mimi ndani. Naongea kwenye kaseti hii ili mlisikie kwangu mwenyewe. Atakayeicheza kwa sauti kubwa pale kijiweni, mimi na yeye basi.

Mnajua nimeungoja usukani wa boti muda gani. Miaka yote nimebeba magunia, leo ndiyo nimepewa kuushika mwenyewe, safari ya kwanza, kutoka Kapalamsenga. Na nani yumo kwenye abiria? Mama wa mchumba wangu, Devota! Kaja kuona kwa macho yake kama kweli nimeacha pombe, maana sharti lake ndilo hilo: mlevi haoi kwake. (Nimeacha. Tangu kabla ya mvua. Muulizeni mnayemtaka.)

Sasa kuna hii sheria mpya. Tangu ile boti nyingine ipande mwamba, nahodha wake akiwa chakari, tajiri wetu kaweka mkaguzi. Kila anayefanya kazi botini, hata mpishi, anapuliza kwenye kidude cha kupima pombe kabla hatujang'oa nanga. Ikiwaka taa ya kijani, unapanda. Nyekundu, unashuka na begi lako, kazi imekwisha. Na pombe haipandi botini hata tone.

Asubuhi nafika mwaloni, pale zinapoegeshwa boti, ziwa limenyamaza. Sio kutulia, nyie. Kunyamaza. Ukungu umeshuka mpaka majini, ukisimama nyuma ya boti huoni mbele. Ndege hakuna. Wale mbwa wa pale, wanaobwekea hata kivuli chao, wamekaa tu wanatazama maji. Halafu chini ya boti: ngo. Kimya. Ngo, ngo. Kama mtu anabisha hodi.

"Nani huyo?" nikauliza. (Swali la kijinga. Chini ya boti kuna nani?)

Sadoki, fundi wetu wa mashine, akanivuta pembeni. "Ni wenyewe wa ziwa, mizimu. Tangu hii sheria ije, hakuna aliyewapa kitu. Zamani mshika usukani alikuwa anawapulizia pombe kidogo pale mbele ya boti, mnaondoka salama. Leo mshika usukani ni wewe."

"Pombe naitoa wapi?"

Akachomoa kichupa cha gongo mfukoni. "Usimeze. Weka mdomoni, puliza, basi."

Nikaona hapo hakuna kosa. Mtoto wa watu nikajaza mdomo, nikapuliza pwaa kwenye mbao za mbele. Ile ngo ikakoma. Nikashusha pumzi. Kugeuka, mkaguzi huyo anatokea kwenye ukungu, kidude mkononi.

"Tuanze na wewe, nahodha. Puliza."

Nikapuliza. Kidude kikalia kama mbuzi anayechinjwa. Nyekundu!

"Sijanywa, mzee! Nimeitema!"

"Umeitema? Ilikuwa inafanya nini mdomoni?"

Nikamtazama Sadoki, Sadoki akatazama mashine yake. Mama yake Devota alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, karibu kabisa. Alivuta kitenge tu, akajiziba pua. Nikaona kazi inakwenda, na Devota anaondoka nayo.

Kumbe mkaguzi ni mtu wa haki. Akasema sheria inataka nisukutue, nisubiri, nipulize tena. Kama pombe ilikuwa ya mdomoni tu, itaisha. Nikasukutua, nikaenda kukaa kule mbele peke yangu, kwenye ukungu.

Ngo. Chini yangu kabisa. Ngo, ngo, ngo!

Nyie, niliogopa. Nikapiga magoti. "Wakubwa zangu, nisameheni! Nilichokuwa nacho ni kile tu! Msinichukue, naoa mwezi ujao! Mkitaka mtu, Sadoki yule pale, hana hata mchumba!" (Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa sauti. Boti nzima imesikia.)

Mkaguzi akaja na upondo wa kusukumia boti, akauchomeka chini ya boti, ukanasa kamba. Akavuta. Likatoka dumu la njano, limejaa gongo! Kamba yenyewe imefungwa chumba cha mashine. Sadoki kalificha majini mkaguzi asilione, na kila mtu akitembea botini linagonga. Hao wenyewe wa ziwa kawatunga tu ili tusichungulie. Na mimi nimelipigia magoti dumu! Abiria walicheka, jamani. Mama mkwe alicheka mpaka akateleza kwenye gunia.

Nikapuliza tena. Kijani! Lakini nani alikuwa anaangalia?

Sasa sikilizeni vizuri. Dumu liko juu, sote tunaliona. Hakuna anayetembea. Na chini ya boti: ngo.

Kicheko kikakatika. Nikamgeukia Sadoki, uso umempauka. "Mimi nilifunga dumu moja tu," akasema.

Ngo, ngo.

Mkaguzi akatazama maji. Akalifungua lile dumu. "Sheria inasema pombe haipandi botini," akasema. "Lazima imwagwe." Akaimimina yote ziwani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nilikuwa karibu yake. Nilimsikia ananong'ona, "Karibuni, wakubwa."

Hatukusikia ngo tena. Ukungu ukaachia. Sadoki kaachwa Kapalamsenga na begi lake, mashine kashika msaidizi wake, na usukani nimeushika mimi mpaka hapa Karema. Mama yake Devota, wakati anashuka, kaniambia, "Baba, pombe umeacha, nimeona. Ila siku ya harusi, ukiona dumu, usilipigie magoti mbele za watu."

Haya, chekeni basi, nyie mko nchi kavu. Mimi kesho napita pale pale, na dumu ni tupu.