Watoto Ishirini wa Chekechea Yetu

...na kama nilivyokuwa nikisema kabla kipaza sauti hakijazimika, Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya shule, mheshimiwa mpishi, mheshimiwa mlinzi uliyeniazima kiti, wazazi wapendwa, na wewe mwalimu wa chekechea, ambaye tangu Jumamosi iliyopita ni mke wangu wa ndoa, ua la moyo wangu (vigelegele; mwalimu anajificha uso kwa kifutio cha ubao), nasimama mbele yenu nikiwa ofisa elimu mwenye furaha kuliko maofisa wote, kuwasilisha ripoti ya uandikishaji kwa mtazamo wa kidemografia.

Makao makuu wameagiza chekechea isiyofikisha watoto ishirini ifungwe na mwalimu wake ahamishiwe mbali. Kwa uongozi wangu uliotukuka, niliwajibu kwamba tunao ishirini kamili, na tumewajengea darasa la pili (makofi).

"Bwana ofisa," anauliza fundi seremala, "mbona mimi naona tisa?"

Swali zuri, kaka. Tisa ni data ya sasa. Wengine ni wa projeksheni, yaani makadirio ya mbele. Mapacha wa muuza nyanya watafikisha umri mwakani, mjukuu wa mlinzi bado anatambaa, na wanane waliosalia, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi wa muda mrefu, ni wangu na mwalimu (kicheko kirefu).

"Wote hao, baba?" anauliza bibi mmoja. "Mwenzio umemwuliza?"

"Hajaniuliza," anasema mwalimu. "Na wa kwanza kashampa jina."

Ni kweli, bibi yangu. Nilikuwa nimependa, kalamu ikanikimbia.

Chekechea oyee (oyee hafifu). Namshukuru mkandarasi wa darasa la pili, ambaye ningemshukuru zaidi kama angekuwepo, na utepe huu ninaoukata umefungwa kwenye miti miwili kwa sababu nyuma yake hakuna ukuta, hakuna bati, ni nyasi tu (wazazi wanachungulia nyuma ya utepe). Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi kuhesabu watoto, na jana nimemkuta mke wangu anakunja nguo zake kuzirudisha kwenye sanduku ambalo hata hatujamaliza kulipakua, akijiandaa kuhamishwa. Najua wapo watoto wanaoshinda majumbani kwenu bila kuandikishwa. Basi kabla mwezi haujaisha nitakuja, bila gari la ofisi wala hotuba, nimemshika mwalimu mkono, nibishe hodi kwa kila mmoja wenu nikiombe kile ambacho siwezi kukiandika mwenyewe: mtoto wa kweli.