Dirisha la Chumba cha Tilly

Jumatatu, 4 Novemba
Tilly kakohoa tena. Upepo unapita kwenye dirisha lake kama una ufunguo. Nyumba hii aliyotuachia shangazi yake mume wangu Darren ina miaka mia mbili na thelathini, imo kwenye orodha ya nyumba za kulindwa, huruhusiwi kugusa kitu bila kibali. Niliomba kuweka dirisha la plastiki. Halmashauri imekataa. Eti vioo vya kale vina mawimbi yake, havikunyooka kama vya leo. Mawimbi! Mtoto wa miezi saba anataka joto.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeweka! Liko upande wa nyuma, nani ataliona? La zamani nimefunikia miche ya letusi bustanini. Darren kaniuliza kama nina akili. Nimemwambia ninazo, na joto pia ninalo.

Jumatano, 6 Novemba
Jirani yetu Bi Thwaite, wa chama cha kulinda nyumba za kale, kachungulia juu ya ua na darubini. Anadai anatazama ndege. Ndege gani, ukutani kwangu? Nimefunga kamba mbele ya dirisha, nikaanika nepi kumi na mbili. Halionekani hata kidogo. Mimi huyu!

Alhamisi, 7 Novemba
Kaja Bwana Pickering wa halmashauri. Bi Thwaite alimpigia simu: mvua inanyesha tangu jana na nepi hazijaanuliwa, lazima mama huyo anaficha kitu. Mvua sikuifikiria. Bwana Pickering kasogeza nepi moja kwa kalamu, kaandika barua palepale: dirisha la zamani lirudi. Nikamwambia basi aje alale humu yeye, na kifua cha mwanangu.

Hakukasirika. Kagonga ubao kando ya dirisha, kachokoa rangi kwa kisu, ubao ukafunguka. Kumbe ni vibao vya kufungia dirisha kwa ndani, vimekunjwa ukutani, watu wakavipaka rangi juu wakavisahau.

“Nyumba yako inaijua baridi kuliko wewe, mama,” kasema.

Jumamosi, 9 Novemba
Dirisha limerudi. Vibao vimefungwa. Tilly kalala bila kukohoa, mashavu mekundu. Nimelia kidogo. Nimempelekea Bi Thwaite keki. Kaila yote, kisha kaniuliza kama nimekoma. Nimekoma.

Ila upepo unaingia pia chini ya mlango wa mbele. Barua ya halmashauri nimeisoma mara tatu: dirisha, dirisha, dirisha. Mlango haikuutaja popote. Fundi anakuja Jumanne. Nimechagua mlango wa plastiki, rangi ya waridi.