Picha ya Ngazi Kuu

Jumapili, 3 Agosti. Southampton.

Tumepanda meli ya New York. Wote watano, na hakuna aliyelia isipokuwa mimi, kidogo, pale mwanangu Barnaby alipodondosha begi la nguo zangu za jioni ukingoni mwa gati. Halikuingia majini. Mungu yupo!

Niandike wazi, maana humu hasomi mtu. Sikuja baharini kupumzika. Nimefuata picha. Mama, kule Cheltenham, ana rafu moja juu ya meko ya sebuleni, na kwenye rafu hiyo ipo picha moja tu ya familia. Ya Julian. Mdogo wangu Julian, mkewe na mapacha wao, wamesimama kwenye ngazi kuu ya meli hii hii mwaka jana, wamevaa utadhani wanakwenda kuapishwa. Kila Krismasi nakula bata mzinga huku Julian ananitazama mara mbili, mara ya mezani na mara ya kwenye fremu. Picha yetu sisi? Mama kaibandika kwenye friji, kwa sumaku yenye umbo la kondoo.

Mwezi ujao Mama anatimiza miaka themanini. Ukoo mzima utajaa sebuleni. Lazima tuwe juu ya rafu.

Safari ina jioni tatu rasmi, na mpiga picha husimama ngazini jioni hizo tu. Tatu! Hata mimi siwezi kukosa mara tatu.

Marian, mke wangu, kaniapisha kwamba safari hii sitapanga mpango wowote. Nimeapa. Binti yetu Phoebe, ambaye ana miaka kumi na sita na hajanichekea tangu Pasaka, kauliza kama katikati ya bahari kuna mtandao. Mdogo wake Dot, miaka sita, kauliza kama papa huvaa tai.

Jumatatu, 4 Agosti. Baharini.

Jioni rasmi ya kwanza. Sheria ni sheria: ikigonga saa kumi na mbili jioni, mwanamume avae suti nyeusi na tai ya kipepeo. Asiyetaka apande juu kwenye mgahawa wa kujipakulia, akae na wenzake wa fulana.

Tunavaa. Barnaby anafungua begi. Viatu vyeusi hamna! Kaviacha nyumbani kitandani. Kaleta raba nyeupe, pea mbili. Nikamuuliza pea mbili za nini. Akasema moja ya akiba. Miaka kumi na mitatu huyo!

Mpango. Nilichukua rangi yangu ya viatu nikazipaka raba mpaka zikawa nyeusi ti. Hata Marian alizisifu, kabla hajajua.

Mezani tumepangwa na Bi. Crabbe, mjane aliyevuka bahari hii mara nyingi mpaka wahudumu wanamwogopa kuliko nahodha. Aliitazama tai yangu, akataka kujua kama nimeifunga mwenyewe. Nikasema naam. Dot akasema si kweli, ina ndoano nyuma, akanigeuza shingo ili bibi aone. "Ndoano!" Bi. Crabbe akasogeza kiti. Ungedhani kaambiwa nina upele.

Halafu foleni ya picha. Bi. Crabbe mbele yetu, gauni rangi ya maziwa, linaburura nyuma. Barnaby akasimama juu ya pindo lake. Miguu yote miwili. Rangi ilikuwa haijakauka.

Picha hakuna.

Jumanne, 5 Agosti.

Siku ya kuomba radhi. Nimemwomba Bi. Crabbe radhi asubuhi, mchana, na tena wakati wa chai, mpaka kimkate chake cha skoni kikapoa na kosa likawa jipya. Aliomba ahamishwe meza. Meza nyingine hakuna. Tumebaki naye, anakula katugeuzia bega.

Phoebe kapata marafiki kwenye chumba cha vijana. Nilipita kuwasalimu. Baadaye kaniambia, taratibu kabisa, kwamba nikirudia atashuka melini hapo hapo tulipo.

Jumatano, 6 Agosti.

Jioni rasmi ya pili. Nimeumbuka, na sababu ni saa.

Tunaelekea magharibi, kwa hiyo kila usiku meli nzima inarudisha saa nyuma kwa saa moja. Simu za watoto nilizifungia kabatini tangu Southampton, ili tuzungumze kama familia. (Hatujazungumza.) Chumbani kwao ipo saa moja tu, ya mezani. Na Phoebe nywele zake peke yake zinahitaji nusu ya alasiri. Basi jana usiku saa yao sikuirudisha. Wataamini wamechelewa, watakuwa tayari mapema, mimi huyo ngazini na jeshi langu. Nilijipongeza kwa kinywaji kidogo.

Kumbe Marian, roho yake nzuri, alipita akaona nimesahau, akairudisha. Barnaby akasoma gazeti la meli, akairudisha. Dot akairudisha kwa sababu kitufe chake kinalia vizuri. Na hakuna aliyeshtuka leo, maana wanaamka wakijisikia, na chipsi za kule juu ziko muda wote!

Saa ya picha ilipofika nilikuwa ngazini peke yangu na Marian. Watoto walikuwa bwawani. Nikawakimbilia na suti yangu. Phoebe akaniambia, "Mzee, tulia basi, mchana wote huu unavaa tai ya nini?" Walipofika, nywele zinachuruzika, mpiga picha alikuwa anakunja taa zake. Bi. Crabbe alipita katika gauni jingine, jeusi safari hii, akamkwepa Barnaby kwa mbali.

Marian aliuliza inakuwaje saa ya watoto haikurudishwa tangu mwanzo. Nikakohoa sana.

Ijumaa, 8 Agosti.

Jioni ya mwisho. Jana sikuandika, nilikuwa najadiliana na Phoebe. Tumepatana: atatabasamu, kwa meno, na mimi sitamsalimu rafiki yake yeyote mpaka New York. Barnaby kaazimwa viatu na mhudumu wetu. Saa nimeirudisha mwenyewe, nikaificha. Kila kitu tayari! Ilibaki kupiga pasi tu.

Nyumbani kupiga pasi ni kazi. Huku ni vita. Pasi za binafsi haziruhusiwi vyumbani, wanaogopa moto, kwa hiyo jioni rasmi abiria wote tunabanana kwenye chumba kimoja cha kufulia. Watu waliosoma, wenye vyeo vyao, wanasukumana kwa viwiko. Nikaiona pasi imekaa bure, nikaichukua. Sauti nyuma yangu ikasema, "Bwana Tiddall, kuna foleni." Bi. Crabbe, nani mwingine? Nikageuka nimjibu kiungwana. Nilimjibu vizuri sana, kwa kirefu. Tatizo ni kwamba pasi niliiacha juu ya suruali.

Moshi. Makalio yote mawili, tundu moja, umbo la pasi kamili. Bi. Crabbe akasema sasa naweza kumpisha.

Nina suruali nyingine moja, rangi ya mchanga. Duka la melini lilibakiwa na nyeusi moja, ya mtu wa miraba minne. Nusu saa kabla ya picha! Nilikaa kitandani na chupi, nikaiona ile rafu ya Mama, nikamwona Julian juu yake.

Ndipo nikaiona taiti nyeusi ya Phoebe, ya mazoezi, aliyoisahau kwenye kiti chumbani kwetu.

Kwa taa hafifu ni suruali. Nilitembea ubavu ubavu, mgongo ukutani. Marian aliponiona alifumba macho, akasema, "Aubrey, uliapa." Nikasema nitasimama nyuma ya watoto, nani ataona? Ngazini watoto walikuwa wamependeza mpaka nikasahau kupumua. Barnaby kachana nywele! Phoebe akanitazama toka juu mpaka chini, akaishia chini.

"Baba. Hiyo si taiti yangu?"

Hakupaza sauti. Foleni nzima iligeuka bila kuombwa. Mhudumu mwenye glavu nyeupe akanisogelea, akauliza kwa adabu kama bwana hangejisikia huru zaidi kule juu. Nikamwambia niko huru kabisa. Nikainama kumfunga Dot kiatu, kuonyesha nilivyo huru.

Taiti ikapasuka. Mlio wake ulifika mpaka kwa wapiga fidla, wakanyamaza. Bi. Crabbe akavaa miwani.

Niliruka nyuma ya chungu kikubwa cha maua. Na hapo, jamani, Phoebe akacheka. Akacheka mpaka akamshika Barnaby asianguke, Barnaby akamwangukia mama yake, Dot akalala kabisa kwenye ngazi, na Marian anafuta machozi kwa glavu. Mpiga picha huyo, anapiga tu. Nikapiga kelele toka mauani kwamba wangoje, mimi bado! Hakuna aliyengoja.

Nimekula kule juu, na suruali ya mchanga. Baadaye Phoebe akaja, na gauni lake, akakaa na mimi, akala chipsi zangu bila kuomba. Akasema nitamnunulia taiti nyingine. Akacheka tena. Nilifurahi mno. Kisha nikamuuliza kama kesho tungeweza kurudia ile picha. Akaondoka.

Jumapili, 10 Agosti. New York.

Wamesema tumeingia bandarini kwa uzuri wa ajabu. Sikuona, nilikuwa kwenye foleni ya picha.

Imetoka. Ni nzuri kupita kiasi. Watu wanne wanacheka kama wendawazimu, nguo safi, taa safi. Mapacha wa Julian hawajawahi kucheka hivyo tangu wazaliwe. Pembeni kuna chungu cha maua chenye kiwiko.

Nikamtumia Mama kwa simu. Hatujashuka, akapiga. Sauti inatetemeka. Jirani keshaichapisha, fremu imepatikana, imo juu ya rafu, katikati! Ya Julian kaihamishia ukumbini, karibu na miavuli. MIAVULI! Nikarukaruka, nikamkanyaga Bi. Crabbe.

Halafu Mama akasema, "Na wewe mwanangu, asante kwa kuipiga. Mtu anaona kabisa ni wewe waliyekuwa wanamtazama. Watu hawamcheki hivyo mtu wasiyempenda."

Nilisimama na simu yangu kwenye foleni ya kushuka. Marian akanishika mkono, akaniuliza kama sasa nimeona, kwamba yanakuja yenyewe mtu akiyaacha. Nikasema nimeona. Nilimaanisha.

Nimeona kwamba picha ya familia isiyo na baba imepungua.

Tiketi za kurudi ni za ndege. Lakini Marian yuko bafuni hapa hotelini, na nimeulizia meli. Nayo ina jioni rasmi tatu. Nimeshanunua suruali mbili nyeusi, moja ya akiba. Na pasi ndogo ya safari. Imeingia vizuri kabisa ndani ya raba ya Barnaby.