Koti la Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, ili atakayesoma kurasa hizi nikishakuwa mtu mkubwa asijisumbue kutafuta siri yangu. Wenzangu wanahangaika na wateja. Mimi wateja hunifuata wenyewe tangu siku nilipofungua duka hili la udobi. Natoa kiti mlangoni, nakaa, wanakuja.

Leo hawajaja. Ni Jumatatu, watu wamechoka.

Ng'ambo ya barabara kuna dobi mwingine. Tunamwita Mashine kwa sababu anayo, na ikianza kuzunguka hata vikombe vyetu hutembea mezani. Sasa kanunua na spika. Kutwa inajisifu kwamba kwake nguo hukauka kabla hujamaliza kupiga soga. Sisi huku tuna makarai, kamba uani na pasi ya mkaa. Mimi nafua, mama watoto anapiga pasi. Na kwa pasi yake sipigi chuku: shati likitoka mkononi mwake, mwenyewe anaona haya kulivaa.

Hapo ndipo penye mwiba. Mashine kamwomba akapige pasi kwake. Tena kamwita "shemeji", kana kwamba tuna udugu. Mama watoto kaniambia hayo akikunja shuka, kwa sauti ya kuulizia chumvi. Jibu atampa Jumamosi. Nikamuuliza jibu gani. Akasema itategemea kama hapa kutakuwa na nguo za kupiga pasi.

Mteja wa uhakika tuliyebaki naye ni daktari wa meno. Makoti yake meupe anayaleta mwenyewe na kuyachukua mwenyewe, kila Ijumaa, na mama watoto haniachii kuyafua.

Redioni mtaalamu kasema biashara ndogo haihitaji fedha kujitangaza. Inahitaji midomo ya watu, ushuhuda wa wateja, na bidhaa yenyewe ionekane. Akaanza kusema jambo la nne, ambalo kwa maneno yake ndilo kubwa kuliko yote. Nikazima. Matatu yananitosha.

Jumanne, 5 Machi

Midomo ya watu. Na midomo yote ya mtaa huu hukaa kwa kinyozi.

Nimekwenda, nikakaa kwenye benchi. Kichwa changu hakina unywele tangu ujana, lakini hakuna aliyeuliza. Nikaanza kusimulia kwa sauti habari za dobi mmoja hapo chini, mtu fundi, mtu msafi, mkono wake hata doa linamwogopa. Nikawaonyesha kola yangu.

Kinyozi akasimamisha mashine yake hewani. Akauliza kwani dobi huyo si wewe?

Nikasema ndiyo maana namfahamu vizuri.

Wamecheka mpaka mmoja akapoteza nusu ya ndevu. Na mimi nikacheka, maana kicheko nacho ni tangazo. Narudi, namkuta mmoja wao kabeba furushi la nguo kichwani, anavuka kwenda kwa Mashine. Kanipungia mkono kwa upendo kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Ushuhuda wa wateja. Hili nililiwaza vizuri.

Mama watoto alikwenda kumwangalia shangazi yake anayeumwa. Nikahamisha kamba kutoka uani nikaifunga mbele, barabarani. Kila nguo nikaibania kadi yenye maelezo. Suruali ya Mwalimu Mkuu: ilikuwa na wino, uko wapi wino? Mashuka ya Fundi Saa: doa limetoka, kadiri ilivyowezekana. Nguo ya ndani ya mwenyekiti wa kamati ya maji nayo haikukosa neno lake, ila neno hilo silirudii hapa.

Watu walijaa. Wengine walisoma wakiwa wamebeba watoto mabegani ili na watoto waone. Spika ya Mashine ilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Nikachungulia. Alikuwa kwenye umati, anasoma.

Nimeingia ndani nikajipiga kifua.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu Mkuu alikuwa wa kwanza. Akabandua suruali yake mwenyewe ikiwa bado ina unyevu, akaitia mfukoni mwa koti, ikamtokeza ubavuni kama tumbo la pili. Hakusema kitu. Mke wa Fundi Saa alisema ya wote wawili. Aliniuliza mama yangu alinilea wapi, na akajibu mwenyewe. Kufika mchana kamba ilikuwa tupu, imebaki na vibanio tu.

Mama watoto karudi akaziokota zile kadi. Kazisoma moja moja, taratibu, kama anayesoma majibu ya hospitali. Nikajiandaa kwa ugomvi. Ugomvi haukuja. Aligeuza karai akalikalia.

Akasema, "Baba watoto, watu wanatuletea vitu ambavyo hawataki hata ndugu zao wavione. Anayekupa shuka lake kakupa usiku wake." Akasema kufua ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kunyamaza, na nusu hiyo mimi sijawahi kuigusa. Kisha akaniuliza, bila ukali, kama najua kwa nini yeye huyageuza mashuka ya wagonjwa kabla ya kuyaanika. Sikujua. Huweka ndani upande uliofifia kwa kulaliwa, ili jirani asimhesabie mgonjwa siku zake.

Miaka yote hii tunaanika pamoja, na sikuwahi kuona. Ni kweli tupu, na inahuzunisha.

Halafu nikakumbuka kwamba njia ya tatu bado sijaijaribu.

Ijumaa, 8 Machi

Bidhaa ionekane. Na bidhaa yetu nyeupe kuliko zote ni koti la daktari wa meno.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nilivae, nizunguke sokoni asubuhi, watu waone weupe ule na waulize kafua nani. Nirudi kabla mwenyewe hajafika. Mama watoto alikuwa uani, akipepea mkaa. Nikatoka nikinyata.

Hakuna aliyeuliza kafua nani. Mama muuza nyanya aliniona, akashika shavu, akaniita, "Daktari mwanangu, nimetumwa na Mungu kwako," akafungua mdomo. Ningefanyaje? Mimi nina roho ya huruma, hilo hata Mashine halikatai. Nikachungulia. Nikamwambia kwa upole kwamba ni jino.

Nilipoinua kichwa, nyuma yake kasimama mwingine, mdomo wazi. Nyuma ya huyo mwingine tena. Maishani mwangu sijawahi kuwa na foleni namna ile. Kila mmoja nilimshika bega, nikampa pole, nikamwelekeza kliniki nyuma ya posta, awahi, asiogope. Nikaongeza kwamba kama ana nguo chafu, azipitishe dukani kwetu njiani. Wakashukuru. Mzee mmoja alinibariki, nami nikaitikia amina.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa kafunga mdomo. Alikuwa daktari mwenyewe.

Nikarudi nyuma hatua moja tu, na nyuma yangu zilikuwa nyanya.

Hakunitukana. Aliliangalia koti, si mimi. Akasema amepita dukani akaacha yaliyochafuka, akalikosa hili la kuvaa, na wagonjwa wanamngoja, na kwa miaka yote hajawahi kumgusa mgonjwa akiwa na shati tupu. Akaondoka. Heri angenizaba kibao.

Nimelifua koti lile mwenyewe, mchana kutwa. Limau na jua, na viganja vyangu. Brashi sikuigusa, maana inachubua uzi. Mama watoto alipita uani, akaniona nimeinama, akapita tena. Vidole vinawasha hata kushika kalamu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya jibu. Mashine kaamka na shati jipya, kasimama mlangoni kwake kama bwana harusi.

Daktari alikuja mapema. Kamuulizia mama watoto. Nikaingia nyuma ya pazia, na pazia si ukuta.

Alianza kwa kucheka kidogo. Kasema jana kliniki ilijaa watu, na wote wanadai wametumwa na daktari mpole wa sokoni. Kisha akashusha sauti. Akasema kila anaposhika koleo, yeye huogopa kuliko mgonjwa. Jasho linamtoka kwapani mpaka koti linageuka manjano. Kwa dobi wake wa zamani haikupita wiki, mtaa mzima ukamwita Daktari Jasho. Akahama mtaa. Hapa kwetu, miaka yote, hakuna aliyejua. "Nawe dada yangu hata jicho hujawahi kumkonyeza mtu juu yangu," kamwambia. Kwa hiyo yeye haleti makoti kwenye duka. Pasi ya mama watoto itakapokwenda, makoti yatakwenda. Hata huko ng'ambo.

Basi nikaona mambo yalivyo. Mama watoto anaweza kuvuka barabara na mteja wetu wa mwisho mkononi, na asiwe amekosea.

Nilitoka na koti. Mama watoto akalipokea, akaligeuza kwapani, akalinusa, akaliinua kwenye mwanga. Akauliza nani kalifua, kana kwamba jana hakuniona. Nikasema mimi. Akauliza, bila brashi? Nikasema bila brashi.

Akampa daktari koti lake, akavuka barabara.

Alikaa huko. Nilipanga vibanio kwa rangi, nikavipangua, nikavipanga tena. Aliporudi alipita bila kunitazama, akatia mkaa kwenye pasi, akaanza kupuliza. Akiwa anapuliza akanieleza alichomjibu Mashine: kwamba ile mashine yake inatafuna kola, na kwamba yeye si shemeji yake.

Ana sharti. Nisiongee na wateja. Nisiandike chochote kinachoweza kusomwa na mtu. Nimekubali kabla hajamaliza. Kisha nikaenda kuteka maji, na ndoo haikuwa na uzito wowote.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi. Nimeligundua jambo la nne la mtaalamu wa redio, lile nililozima redio nisilisikie. Ni kunyamaza. Kunyamaza ndiko bidhaa yetu, na Mashine hawezi kuinunua dukani.

Lakini bidhaa isiyoonekana atainunua nani?

Mama watoto kaenda tena kwa shangazi. Nimebandua ubao wa kitanda cha zamani, nimekoroga rangi, nimeandika kwa herufi kubwa kama makarai: HAPA TUNATUNZA SIRI ZA WATEJA. Chini yake, kwa wenye mashaka, nimeweka mfano mmoja tu, wa daktari fulani na makwapa yake. Jina sikutaja, mimi si mtu wa namna hiyo. Nimetaja kazi yake, na kwamba kliniki iko nyuma ya posta. Rangi inakaribia kukauka, na tayari watu wamesimama nje. Kinyozi kaacha kichwa cha mtu nusu kaja kusoma.

Kabla sijatoka kuwapokea nisahihishe kosa moja: yale ya Jumatatu, kwamba nimezaliwa na bahati na wateja hunifuata wenyewe, si kweli. Hakuna mteja aliyewahi kunifuata mimi. Wote walikuwa wanamfuata mke wangu.