Maua Tisini ya Dirishani

Jumatatu ya tarehe tatu, saa nne kasoro robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Ofisi ya Hadhi ya Maua ilitangaza kwa fahari kwamba zoezi la kulinganisha aina mbili za maua limekamilika kwa mafanikio makubwa, bila mtaalamu yeyote kuchafua viatu.

Walihesabia dirishani, chai mkononi. Maua meupe waliyaona matatu kila siku, kwa siku thelathini: jumla tisini. Gugu la zambarau hawakuliona hata mara moja. Ripoti ikaamua: ua jeupe limejaa tele, ling'olewe mwisho wa mwezi, la zambarau liko hatarini kutoweka, ni marufuku kulikata, kulikanyaga au kulisogeza.

Mtunza bustani wa ofisi hiyo alisomewa waraka jembe likiwa begani. Maua hayo matatu aliyapanda marehemu mkewe, kwa mbegu za mwisho kutoka kilima ambacho ofisi hiyohiyo ilikiruhusu kichimbwe kokoto. Na gugu halikuonekana kwa sababu yeye huling'oa kila alfajiri, mwaka wa kumi na tisa huu, mpaka mgongo umepinda.

Akaenda kueleza. Mkurugenzi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamuuliza ana cheti gani.

"Cha ndoa, mheshimiwa."

"Basi mzee wangu, waachie wenye ujuzi. Wewe tii tu."

Akatii. Jembe akalitundika. Mvua ikanyesha, na gugu likatambaa kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Likayazunguka maua ya marehemu, likapanda ngazi za ofisi. Siku ya kung'oa ilipofika, hapakuwa na pa kuweka unyayo bila kuvunja sheria. Wang'oaji wakasaini mahudhurio, wakarudi kwao.

Mkurugenzi naye alikuwa nje, mkoba kichwani kujikinga na jua. Gugu lilikuwa limekumbatia kitasa cha mlango wake.

"Mzee, ling'oe basi."

"Kwa cheti gani, mheshimiwa?"

Karani akakumbusha kuwa kibali cha kuling'oa kipo, kinangoja muhuri tu. Muhuri uko ndani, mezani. Kamati ikaketi barabarani kujadili, na mwezi mzima ukakatika.

Mtunza bustani, akimwagilia maua yake kwa mpira wa maji kutoka mbali, aliwauliza jambo moja, na jibu hajapata mpaka leo: kama maua matatu kwa siku thelathini ni tisini, je, mkurugenzi mmoja aliyesimama nje siku thelathini ni wakurugenzi wangapi, na wang'olewe lini?