Kamati ya Mabano na Nyota

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Milango ya Kielektroniki ilitekeleza wajibu wake kwa weledi wa hali ya juu, mpaka siku mlango wake wenyewe ulipogoma.

Programu ya milango ilikuwa na mwongozo, na mwongozo uliandikwa kwa muundo wa zamani: neno la kukolezwa wino unalitia ndani ya mabano. Ukaja muundo mpya: neno lile lile unalizungushia nyota. Msomaji haoni tofauti yoyote. Mwenyekiti wa Idara akatambua mara moja kwamba hilo ni suala zito, akaunda kamati.

"Tuhame au tusihame?" aliuliza. Wajumbe wakaomba chai kwanza. Naibu wake akaomba udhuru, kama kawaida yake.

Ili msomaji asikutwe na mabadiliko njiani, Mwenyekiti aliufunga mwongozo. Marufuku kuusoma, kuuchapa wala kuuchungulia mpaka uamuzi upatikane. Mwandishi wa mwongozo, binti asiyejua kunyamaza, akauliza, "Na mlango wa mtu ukikwama, baba, asome nini?" Akapewa onyo na kutolewa kwenye kamati.

Siku Waziri alipokuja kumwapisha Mwenyekiti kuwa Mkurugenzi Mkuu, Mwenyekiti aliitisha kikao kifupi asubuhi, ili apande cheo akiwa amemalizana na nyota. Suti ilikuwa mpya. Mkewe na mashemeji walikuwa ukumbini, mstari wa mbele, mama mkwe kajipaka manukato. Cheo hicho alikiota tangu akiwa karani, na furaha ilimjaa mpaka akasahau kumaliza chai. Muda ukafika bila uamuzi; akagusisha kadi mlangoni ili atoke. Taa nyekundu. Akagusisha tena. Nyekundu.

"Sukumeni!"

Wajumbe wakasukuma. Mlango ulikuwa wa Idara, umejengwa kwa viwango. Nje nako kadi zikakataa.

"Binti! Upo hapo?"

"Nipo, baba. Na Mheshimiwa Waziri yupo."

"Mwanangu, fungua mwongozo! Sehemu ya mlango uliogoma!"

"Kwani kamati imeshaamua?"

Jasho lilimshuka Mwenyekiti hadi kwenye tai. Akawageukia wajumbe. "Tupige kura. Nyota, mabano, vyovyote vile, jamani!"

Mjumbe mmoja mzee akakohoa. "Akidi haijatimia, Mwenyekiti. Mwandishi ulimtoa mwenyewe."

Hapo Waziri akasogea mlangoni. "Nakupongeza sana," alisema. "Ni viongozi wachache wanaoheshimu marufuku yao wenyewe hata ikiwabana. Endeleeni na kikao."

Akaenda zake. Baada ya muda makofi yakasikika ukumbini, na vigelegele ambavyo Mwenyekiti alivitambua kuwa vya mama mkwe.

"Binti, wanampigia nani?"

"Naibu, baba. Waziri kasema watu wamevaa wamependeza, si vizuri warudi bila kuona kiapo."

Mwenyekiti akakaa chini, juu ya zulia. "Basi mwambie atufungulie. Sasa ana mamlaka."

Binti akaenda, akarudi. "Ametoa amri yake ya kwanza. Nikusomee?"

"Soma, mwanangu."

"Imeundwa kamati ya kuamua kama mlango uvutwe au usukumwe. Ni marufuku kuugusa, kuutikisa wala kuuchungulia mpaka uamuzi upatikane."

Mjumbe mzee akasifu mpangilio wa maneno, akauliza ni nani aliyewahi kuandika hivyo.