Binti Yako Ameniwekea Stendi Chini ya Gari Bila Idhini Yangu

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umeanza kupoa. Huku sisi ni wazima, yaani mimi ni mzima, kwa kuwa mwenzangu yuko huko kwako tangu Jumamosi. Najua umeshasikia upande wake. Sasa naomba usikie upande wa mume, kisha wewe, mzazi na seremala uliyezoea kupima kabla ya kukata, utoe hukumu.

YAH: KUINGILIWA KAZI YA UFUNDI NIKIWA UANI KWANGU

Gari letu lilianza kugonga mbele, upande wa kushoto. Kila tukipita tuta lilitoa mlio kana kwamba kuna mtu amefungiwa ndani ya boneti na anataka kushuka. Fundi wa gereji alilisikiliza, akasema shokapu imekwisha, nilipeleke Jumatatu. Nikamwambia nitaibadili mwenyewe nyumbani. Akanitazama tangu unyayo hadi utosi, akasema, "Kinyozi, wewe endelea na vichwa." Mtu mwenye damu mwilini hawezi kulala na kauli kama hiyo. Nikanunua shokapu mpya, nikaazima jeki, na Jumamosi asubuhi nikafunga saluni. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Binti yako alitilia shaka ujuzi wangu. Nilipoanza kupandisha gari aliuliza, "Hiyo jeki ikichoka, je?" Nikamweleza kwa upole kwamba jeki ni chuma, haichoki, na kwamba mimi huinua watu kila siku kwa kiti cha kukanyaga, wanene kwa wembamba, wala hakuna aliyewahi kuanguka. Akasema, "Kile kiti chako kinachoshuka chenyewe mteja akipiga chafya?" Baba, siri za kazini hazitolewi uani.

2. Aliingilia uchaguzi wangu wa mahali. Mimi nilichagua kando ya tangi la maji, penye kivuli na udongo laini unaofaa magoti. Yeye alitaka kwenye sementi mbele ya mlango wa jikoni, eti ni pagumu na tambarare. Nikamwambia sementi itawaka moto ikifika saa sita. Ili jeki isizame, nikaiwekea kigae chini. Kigae kikapasuka katikati. Sikulichukulia kuwa jambo baya, maana sasa nilikuwa na vigae viwili.

3. Alimleta mtu wa tatu katika ndoa yetu. Mtu huyo ni jirani, dereva mstaafu wa malori, mwenye kila kitu stoo kwake na asiye na haya ya kukiazimisha. Nilikuwa ndani navaa suruali ya kazi. Nilipotoka nikakuta wameweka mawe nyuma ya magurudumu, wametandika mbao nene juu ya udongo, na juu ya mbao wamesimamisha stendi mbili za chuma, zile nguzo fupi za kulidaka gari jeki ikishindwa. Gari langu zima, lenye heshima zake, limewekewa magongo kama mgonjwa! Nikaamuru ziondolewe. Binti yako akashika kiuno. Baba, kile kiuno unakijua, umemlea mwenyewe. "Ziondoe," akasema, "halafu uniambie tukuzike wapi." Nikaziacha zibaki, kwa ajili ya amani ya nyumba tu.

4. Hili ndilo zito. Nilitoa gurudumu, nikakaa chini, miguu nimeinyoosha uvunguni mwa gari kama mtu anayeota moto. Bolti moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaivuta kwa spana, ikakaidi. Nikaivuta tena kwa nguvu zangu zote, huku nikimtaja fundi wa gereji kwa majina asiyoyajua. Nikasikia udongo ukilalamika. Jeki ikazama upande mmoja, ikalala chali, na gari likashuka.

Likashuka kiasi cha upana wa vidole viwili, likasema "ko!" juu ya stendi, likatulia.

Chuma kilikuwa juu ya magoti yangu, karibu mno, nikaiona kutu yake punje kwa punje. Hakikunigusa. Miguu ilikuwa huru kabisa, ila nilipoiamuru itoke haikunisikia. Ndipo nikapiga ukelele. Sikumwita fundi, wala jirani, wala Mungu, ambaye kwa kweli ningepaswa kuanza naye. Nilimwita binti yako, kwa lile jina mlilomwita ninyi alipokuwa mdogo, ambalo tangu tuoane sijawahi kulitumia. Akaja mbio na povu la sabuni hadi viwikoni, akanishika kwapani, akanivuta nje kama gunia.

Sasa angalia madhara aliyonifanyia. Stendi zisingekuwepo, watu wangesema ni ajali, kazi ya Mungu, na mimi ningepewa pole. Kwa kuwa zilikuwepo, na zikafanya kazi, kila mtu amejua kwamba jambo lile lilikuwa na dawa na mimi ndiye niliyeikataa. Amenipokonya ajali yangu, Baba, akaniachia ujinga mtupu.

5. Wateja. Wa kwanza Jumatatu alikaa kitini akasema, "Nipandishe taratibu, kinyozi, na uniwekee stendi."

6. Ametoroka kazini. Aliponivuta nje alikaa pale chini ameshika magoti yangu, mara hili mara lile, kama asiyeamini hesabu. Alikuwa anangoja niseme neno. Nami nikasema, "Unaona? Stendi zako zimekwaruza gari." Akanawa povu, akaingia ndani, akatoka na begi. Akiwa mlangoni alisema, "Shokapu zinauzwa dukani. Mume hauzwi. Ukishalielewa hilo, mimi niko kwa baba." Akaondoka kazi ikiwa nusu, bila kujali nani atanishikia tochi.

Kwa hiyo, Baba, naomba kwa unyenyekevu umkanye binti yako. Asimwokoe mtu ambaye hajaomba. Akitaka kuniokoa siku nyingine, anitaarifu mapema ili nijiandae kukataa vizuri. Na awaambie majirani kwamba ukelele ule ulikuwa wa redio.

Nisalimie Mama Mkwe, mwambie ninakula, ila asiulize ninakula nini. Wasalimie mashemeji wote, hata yule mdogo aliyecheka kwenye simu hadi akaikata. Na mafundi wenzako wa karakana nao uwape salamu, bila kuwasomea barua hii.

Wako katika ukwe, adabu na manung'uniko,

Mkweo, Kinyozi

Tanbihi: Baba, nimechelewa kuituma. Leo nimerudisha gurudumu, jirani akanisaidia kusukuma gari hadi kwenye sementi. Nimekaza hendibreki, nimeweka mawe, nimelegeza nati gari likiwa bado chini, nimepandisha, nimeweka stendi, nimetoa tena gurudumu, nimelitikisa gari kwa mikono miwili na halikusogea. Kila kitu kama alivyotaka yeye. Kisha nikakaa ili niingize miguu, ikagoma. Nimekaa pale hadi chai imepoa, ndipo nikaelewa kwamba ninamngoja yeye atoke jikoni, alisukume gari kwa kiganja, aseme, "Haya, ingia."

Yote niliyoandika hapo juu yafute. Ningeanza upya, lakini hii ndiyo karatasi ya mwisho. Mwambie neno alilokuwa analingoja pale chini lilikuwa asante, na kwamba nilikuwa nalo, nikaona haya. Kesho nakuja kumwambia mwenyewe. Gari halina gurudumu, kwa hiyo nitakuja kwa miguu. Ninayo yote miwili.